Kweli au Si Kweli? Mambo Kumi Waliyoyabeba Wanafunzi Wangu Kutoka Nyumbani

Kila Januari, kabla sijaandika chochote ubaoni, nawapa wanafunzi wa Kidato cha Pili kazi moja ya nyumbani. Waende kwa babu, bibi, mjomba, shangazi au jirani mtu mzima, wamwamkie, wakae chini, kisha wamwombe sentensi moja: jambo moja unaloliamini kuhusu nchi yetu au kuhusu mila zetu. Waliandike kama lilivyosemwa, wasirekebishe hata neno.

Nimefundisha historia kwa zaidi ya miaka ishirini hapa Dar es Salaam, na madaftari hayo nimeyahifadhi. Yamo madai yanayorudi kila mwaka kutoka kwa familia zisizojuana. Mengine ni kweli, mengine si kweli, na mengine yana ukweli nusu. Leo nimechagua kumi. Sina nia ya kuwaumbua wazee waliotulea. Nimeyachagua kwa sababu yote yananirudisha kwenye swali moja ninalowauliza watoto darasani: jambo tunaloliita "ndivyo ilivyo", nani aliliamua? Mtoto akishajua kwamba jambo liliamuliwa na watu waliokaa kikao, huanza kujiona na yeye ni mtu wa kukaa kikao.

1. "Uhuru wetu ulikuja bila jasho. Mwingereza alituachia tu."

SI KWELI. Dai hili limezaliwa na jambo jema. Bendera ya Tanganyika ilipandishwa tarehe 9 Desemba 1961 bila vita dhidi ya Mwingereza, na watu wakafupisha maneno: bila risasi ikageuka kuwa bila jasho.

Kwanza tukumbuke waliotangulia. Vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani, 1905 hadi 1907, viliua watu wanaokadiriwa kuwa kati ya 75,000 na 300,000, na wengi wao waliuawa na njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa moto. Kizazi kilichodai uhuru miaka ya 1950 kililelewa na wazazi waliokumbuka njaa ile.

Kizazi hicho kilichagua njia nyingine. Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, kwa hiyo Mwingereza alitakiwa kutoa hesabu ya utawala wake. Chama cha TANU kiliupitia mlango huo. Tarehe 7 Machi 1955 Julius Nyerere alisimama mbele ya Baraza la Udhamini mjini New York, na nauli yake ilitokana na michango ya watu. Wakati huo alikuwa mwalimu wa sekondari kule Pugu, akifundisha historia miongoni mwa masomo mengine. Aliporudi ilimbidi achague kati ya mshahara na siasa, akauacha mshahara.

Kisha ukaja uchaguzi wa 1958 na 1959, wa kura tatu: kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Wala si kila mtu aliruhusiwa kupiga kura, kwani sharti mojawapo lilikuwa kipato cha pauni 150 kwa mwaka. Wanachama wa TANU walikutana Tabora, Januari 1958, wakabishana vikali kama waingie au wasuse. Waliamua kuingia. Zuberi Mtemvu hakukubali, akatoka na kuanzisha chama chake cha ANC. Mwaka 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71. Jasho lilikuwepo, nalo lilimwagika kwenye vikao, kwenye kadi za uanachama na kwenye senti zilizochangwa na watu ambao wengi wao hawakuruhusiwa hata kupiga kura.

2. "Saba Saba ni siku ya maonyesho ya biashara."

SI KWELI, ingawa ndivyo tunavyoiishi. Watoto wangu wa darasani wanaijua Saba Saba kwa mabanda ya Barabara ya Kilwa, kwa msongamano wa daladala na kwa viatu vipya. Sherehe hiyo naipenda pia. Lakini tarehe yenyewe ni kumbukumbu ya 7 Julai 1954, siku wajumbe wa Tanganyika African Association, chama kilichoanza 1929 kwa jina la African Association, walipokutana Dar es Salaam na kukigeuza kuwa TANU. Walikutana katika nyumba iliyokuwa katika mtaa ambao sasa tunauita Lumumba.

Tofauti ya vyama hivyo viwili ndiyo ninayotaka mtoto aishike. Chama cha kwanza kilianza kama mahali pa Waafrika kukutana, kusaidiana na kutoa maoni yao. Cha pili kilitamka wazi kwamba kinataka kujitawala. Familia inayokwenda maonyeshoni Julai inaweza kulisimulia hilo njiani, tangu kituo cha basi hadi getini, likaisha kabla ya kukata tiketi.

3. "Mwalimu Nyerere mwenyewe ndiye aliyepeleka Mwenge juu ya Kilimanjaro."

SI KWELI. Aliyefika kileleni na kuweka Mwenge na bendera usiku wa uhuru ni Alexander Nyirenda, afisa kijana wa jeshi. Nyerere alikuwa amelitamka wazo la kuwasha mwenge juu ya mlima katika hotuba ya 1959, ndiyo maana kumbukumbu za watu zimewaunganisha. Kilele hicho Wajerumani walikuwa wamekiita kwa jina la Kaisari wao. Leo kinaitwa Uhuru.

Karibu na dai hili huja jingine, kwamba siku hiyohiyo tulikuwa jamhuri. Hapana. Kwa mwaka mzima baada ya uhuru, mkuu wa nchi alibaki kuwa Malkia wa Uingereza. Tanganyika ikawa jamhuri tarehe 9 Desemba 1962, baada ya uchaguzi wa rais ambao Nyerere alishindana na Mtemvu, yuleyule wa Tabora. Muungano na Zanzibar ulifuata tarehe 26 Aprili 1964. Kila hatua ilikuwa na uamuzi wake, na watu wake wa kuuamua.

4. "Siasa ilikuwa ya wanaume. Wanawake waliingia baada ya uhuru."

SI KWELI, na hili linanigusa. Bibi yangu mzaa mama, mwenyeji wa Rufiji aliyehamia Dar es Salaam akiwa mwali, alikuwa na sanduku la bati chini ya kitanda. Ndani mlikuwa na kanga za harusi yake, udi, na kadi ya TANU iliyofungwa kwenye kitambaa. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni kadi ya babu. Nilipomuuliza alinitazama kwa muda, akasema: "Mjukuu wangu, babu yako alikuwa karani wa serikali. Yeye hakuruhusiwa. Mimi ndiye niliyekata kadi."

Sentensi hiyo ilinifundisha kuliko kitabu kizima. Watumishi wa serikali ya kikoloni walikatazwa kujiunga na TANU. Wanaume wengi waliosoma walikuwa ndani ya ajira hiyo, na waliogopa kupoteza kazi. Wanawake wa mjini, wauza vitumbua, wasusi na waimbaji wa ngoma, hawakuwa na mwajiri wa kuwafukuza.

Mwaka 1955 mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, aliwauliza viongozi wa TANU wanawake wao wako wapi. Jibu likawa Bibi Titi Mohamed, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1926 na ambaye watu walimjua kama mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma cha Bomba. Bibi Titi alivifuata vikundi vya ngoma. Kule alikuta viongozi waliochaguliwa, wanachama wanaolipa ada, sare, na desturi ya kuitana na kuitikia. Kazi ya kukusanya watu ilikuwa imekwisha kufanywa na vikundi hivyo vya lelemama, na wanawake kwa maelfu wakakata kadi.

Kwa hiyo mtu akiniambia ngoma za wanawake ni mambo ya starehe tu, namwambia zilikuwa shule ya uongozi. Barabara kubwa inayopita katikati ya jiji hili ina jina la Bibi Titi. Ni vyema watoto wanaoivuka kila asubuhi wajue kwa nini.

5. "Wazee wetu hawakujua demokrasia. Ililetwa na Wazungu."

NUSU KWELI, na nusu iliyobaki ni kinyume chake. Jamii nyingi za nchi hii zilikuwa na baraza ambamo mambo yalizungumzwa hadi watu wakubaliane, na mtawala aliyewapuuza wazee wake hakudumu. Hilo ni la kujivunia. Lakini tusilipake rangi. Katika mabaraza mengi wanawake hawakusema, vijana walisubiri nje, na watumwa hawakuhesabiwa kabisa.

Mkoloni naye alifanya kinyume cha anachosifiwa. Gavana Donald Cameron alipoingiza utawala wa kupitia machifu mwaka 1926, maofisa wake walikwenda wakitafuta chifu wa kila kabila. Mahali ambapo watu walijitawala kwa koo na rika bila chifu mkubwa, alitafutwa mtu akapewa cheo na mshahara. Vyeo kadhaa tunavyovihesabu kuwa vya tangu na tangu vina umri mdogo kuliko reli ya kati.

Mfano ninaoupenda ni wa Kilimanjaro. Wachagga walikuwa na mamangi wengi, kila mmoja na eneo lake. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 walimchagua Thomas Marealle kuwa Mangi Mkuu wa wote, cheo ambacho hakikuwepo zamani. Mwaka 1960 walipiga kura na kukiondoa. Mwaka 1963 serikali ikafuta madaraka ya machifu nchi nzima. Ndani ya miaka isiyozidi kumi, watu walewale walikijenga cheo, wakakiheshimu, na wakakivua kwa kura.

Hata wakati wa chama kimoja kura haikuwa karatasi tupu. Mwaka 1965, katika majimbo mengi, TANU ilisimamisha wagombea wawili, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba. Wapiga kura waliwaangusha wabunge na mawaziri, akiwemo Paul Bomani aliyekuwa Waziri wa Fedha. Bibi Titi naye alikosa kiti chake. Bibi yangu alimpenda Bibi Titi kama dada, na aliumia sana. Lakini kila alipolisimulia hilo alimalizia kwa kusema kwamba kura ni siri ya mtu na Mungu wake, na kwamba hakupata kumuuliza yeyote jirani yake alimpigia nani.

Ukomo wa mfumo ule nao usemwe: mpiga kura aliweza kubadilisha mtu, hakuweza kubadilisha chama. Mlango huo ulifunguliwa Julai 1992.

6. "Utani wa makabila unatuzuia tusipigane."

KWELI kwa sehemu kubwa, na asili yake inashangaza. Msukuma anapomwita Mzaramo mtumwa wake, na Mzaramo akamjibu kwamba alimnunua kwa kipande cha muhogo, mgeni anaweza kudhani ngumi zinafuata. Hazifuati. Wanaagana wakicheka, na aliyeshindwa maneno analipa chai.

Utani mwingi wa makabila una mizizi kwenye karne ya 19. Wapagazi wa Kinyamwezi na Kisukuma walitembea miezi mingi kutoka bara hadi Bagamoyo, wakipita kwenye nchi za watu na kuhitaji maji, chakula na mahali pa kuzika wenzao. Urafiki wa njiani ukapewa kanuni. Mwingine ulitokana na vita: Wangoni wana watani wengi, na miongoni mwao ni watu waliopigana nao. Waliouana walitafuta njia ya kukaa tena kwenye mkeka mmoja, wakaipata kwenye maneno.

Angalia msibani. Mtani ndiye anayeruhusiwa kumwigiza marehemu, kulizuia jeneza mpaka apewe chochote, na kuwachekesha wafiwa siku ambayo hakuna mwingine anayethubutu. Huyohuyo mtani huchota maji na kushika sufuria. Utani bila wajibu ni matusi, na hilo wazee wamelisisitiza siku zote.

Nyumbani ni hivyohivyo. Bibi humwita mjukuu wake wa kiume "mume wangu", na mjukuu anaweza kumwambia bibi jambo ambalo hawezi kumwambia baba. Mtoto anajifunza mapema kwamba mkubwa anaweza kuelezwa ukweli, mradi zipatikane njia na adabu yake. Sijui somo la uraia lililo bora kuliko hilo.

7. "Kanga ni vazi letu la asili, halijabadilika tangu zamani."

NUSU KWELI. Ni letu, hakuna wa kutunyang'anya. Lakini halijapata kutulia hata kidogo. Kanga ilitokea pwani, Zanzibar na Mombasa, katika nusu ya pili ya karne ya 19. Wanawake walinunua vitambaa vya leso, neno lililotoka kwa Wareno, wakavishona pamoja kupata nguo moja pana. Wafanyabiashara walipoona hivyo wakaagiza nguo nzima iliyokwisha kuchapwa. Kwa miongo mingi kanga zilichapwa Ulaya, India na Japani, kwa michoro iliyochaguliwa na macho ya wanawake wa pwani. Maneno yaliongezwa baadaye, kwanza kwa hati za Kiarabu, kisha kwa hizi tunazosoma leo. Mwaka 1968 kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa Dar es Salaam kwa msaada wa China, na kanga nyingi za harusi za mama zetu zilitoka hapo.

Kwa hiyo ukishika pindo, mji na jina la kanga moja umeshika mikono ya watu wa nchi nyingi. Kinachoifanya iwe yetu ni tulivyoitumia. Mtoto anapokelewa kwa kanga, mwali anatolewa nayo, maiti ya mwanamke inafunikwa nayo, na ujumbe mgumu unafikishwa nayo bila mtu kufungua kinywa. Mwanamke aliyenyimwa nafasi barazani alivaa maneno yake akapita nayo mbele ya baraza.

8. "Mila hairuhusu mwanamke kumiliki ardhi, na mila haipingwi."

SI KWELI, kote kuwili. Dai hili huja na wasichana, na wanalisoma kwa sauti ya chini.

Tuanze na "haipingwi". Mwaka 1963 serikali ilikusanya mila za urithi za jamii zinazofuata ukoo wa baba na kuzitangaza kwa maandishi kama sheria ya kimila. Kilichokuwa kinazungumzwa, kinabishaniwa na kubadilika kutoka kijiji hadi kijiji kikaandikwa mara moja na kugandishwa. Kwa hiyo sehemu ya mila tunayoambiwa ni ya mababu ilipitia mezani kwa maofisa, wakati wazazi wetu wakiwa hai.

Mwaka 1990 Mahakama Kuu, kupitia kwa Jaji James Mwalusanya, iliamua kesi iliyotoka Kagera. Mwanamke alirithi shamba kwa wosia wa baba yake na kuliuza, ndugu wa ukoo akadai mwanamke hana haki ya kuuza shamba la ukoo. Jaji alisema ana haki sawa na mwanamume, kwa sababu Katiba, iliyopata Hati ya Haki mwaka 1984, inakataza ubaguzi.

Kisha ikaja Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Inasema kanuni yoyote ya mila inayomnyima mwanamke kupata, kutumia au kumiliki ardhi ni batili. Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe saba, na wasiopungua watatu lazima wawe wanawake.

Najua sheria ya kwenye karatasi haifiki yenyewe shambani. Nimekaa kwenye kikao cha ukoo wetu, baada ya arobaini ya babu, nikawaona mama zangu wakubwa na wadogo wakipika huku viwanja vikigawanywa sebuleni. Mjomba wangu mkubwa, mtu mwadilifu, hakuwa na nia mbaya. Alidhani hana mamlaka ya kubadilisha. Nilipoomba ruhusa ya kusema, sikuanza na sheria. Nilimuuliza: "Mjomba, shikamoo. Babu alipoumwa miaka miwili, nani alimwosha?" Kimya kikapita. Halafu yeye mwenyewe akainuka, akaenda uani kuwaita dada zake. Kikao kilianza upya, na mgawanyo wa mwisho uliandikwa na kusainiwa na wote. Niliiona mila ikibadilika mbele ya macho yangu, na waliobaki nyumbani walikuwa ndugu zaidi ya walivyokuwa asubuhi.

9. "Mjumbe wa nyumba kumi ndiye serikali ya mtaa."

SI KWELI. Hili ndilo dai linaloongoza kwa kujirudia katika madaftari yangu. Mfumo wa nyumba kumi ulianzishwa na TANU katikati ya miaka ya 1960. Mjumbe huyo, au balozi, alikuwa kiongozi wa chama, na kwa kuwa chama kilikuwa kimoja, watu walimpelekea kila kitu: ugomvi wa mke na mume, mgeni aliyelala, mbuzi aliyepotea. Tangu mfumo wa vyama vingi urudi mwaka 1992, mjumbe huyo ni wa chama chake. Anaheshimika, mara nyingi ndiye wa kwanza kufika msibani, lakini si ngazi ya serikali.

Serikali iliyo karibu nawe ni kijiji na vitongoji vyake ukiwa shamba, au mtaa ukiwa mjini. Mwenyekiti wake anachaguliwa kila baada ya miaka mitano, na uchaguzi wa karibuni ulifanyika tarehe 27 Novemba 2024. Mtendaji ni mwajiriwa. Juu ya wote hao, kijijini, uko Mkutano Mkuu wa kijiji, ambao wajumbe wake ni wakazi wote wenye miaka 18 na kuendelea. Hakuna kadi wala kiingilio. Taarifa ya mapato na matumizi husomwa hapo.

Hapa ndipo ninapotaka familia zinisikilize. Sisi ni hodari mno wa vikao. Kijana akitangaza uchumba, ndani ya wiki mbili kuna kamati ya harusi yenye mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Kadi za mchango zinagawanywa, ahadi zinaandikwa, vikao vinafunguliwa kwa sala, na kila Jumapili mweka hazina anasoma kiasi kilichoingia na kilichotoka. Thubutu kukosea shilingi elfu ishirini uone. Hakuna aliyetusomesha hayo chuoni.

Watu haohao, mkutano wa mtaa ukiitishwa kuzungumzia mfereji unaofurika kila masika, huwa hawaonekani. Fedha za mfereji ni nyingi kuliko za harusi, nazo ni zetu. Ujuzi tunao, uzoefu tunao, ujasiri wa kumbana mweka hazina tunao. Kilichobaki ni kuutoa ukumbini na kuupeleka chini ya ule mwembe wa ofisi ya mtaa.

10. "Alichosema mzee ni ushahidi tosha."

NUSU KWELI. Nimeliweka mwisho kwa sababu kazi yangu yote imelala hapa.

Mwaka 1968 na 1969 wanafunzi wa historia wa Dar es Salaam walitumwa vijijini, kusini na mashariki mwa nchi, kuwahoji wazee waliokuwa vijana wakati wa Maji Maji. Kabla ya hapo, vita vile vilisomwa zaidi kupitia kalamu za Wajerumani. Wazee walieleza kwa vinywa vyao habari za pamba ya kulazimishwa, viboko vya maakida, na tumaini lililobebwa na maji kutoka Ngarambe. Bila wao, tungebaki na nusu ya habari, tena nusu ya aliyeshinda.

Lakini kumbukumbu nayo hushona vipande. Wazee wengi huwaambia wajukuu kwamba Kinjekitile Ngwale, aliyeyatoa maji yale, aliongoza vita hadi mwisho. Wajerumani walimnyonga Mohoro mwanzoni mwa Agosti 1905, vita vikiwa havijatimiza hata mwezi. Vilienea baada ya kifo chake, vikafika hadi Ungoni, ambako viongozi wengi walinyongwa Songea tarehe 27 Februari 1906. Ukweli huo haumpunguzii Kinjekitile kitu. Unawaongezea heshima wale waliobeba ujumbe wake kijiji hadi kijiji wakijua kwamba yeye ameshauawa.

Kwa hiyo nawafundisha watoto kumsikiliza mzee kwa namna hii: mwache amalize, muulize alikuwa wapi, aliona au alisimuliwa, na nani mwingine alikuwepo, nenda kwa mzee wa pili, tafuta tarehe, kisha rudi kwake na ulichokipata. Kurudi ndiko kunakoonyesha adabu. Ukichukua maneno ya mtu ukaenda kuyasahihisha darasani bila yeye kujua, umemvunjia heshima. Ukimrudia ukakaa naye, mnakuwa wawili mnaotafuta.

Ndiyo maana kazi yangu ya Januari ina nusu ya pili. Baada ya majuma matatu wanafunzi wanarudi kwa waliowapa sentensi, wanawaeleza tulichojifunza, na wanaandika sentensi mpya chini ya ile ya kwanza. Wengine wanakuja na ubishi, nao naupokea. Mzee mmoja alituma picha ya zamani kuthibitisha kwamba mimi ndiye niliyekosea mwaka, na alikuwa sahihi. Niliifuta tarehe ile ubaoni mbele ya darasa zima.

Mwaka jana msichana mmoja, mtaratibu sana, alileta daftari lake. Sentensi ya kwanza ilikuwa ya bibi yake: mjumbe wa nyumba kumi ndiye serikali. Chini yake, kwa mwandiko wa kujikaza, alikuwa ameandika jibu alilopewa aliporudi nyumbani. Bibi alikuwa amesikiliza hadi mwisho, akavua miwani, akauliza swali moja:

"Sasa huo mkutano wa mtaa ni lini?"